Kura na Meza ya Bwana: Tahakiki ya Lugha ya Kanisa Wakati wa Kura ya Maoni

1. Utangulizi

Mwezi Machi mwaka 2015 Jukwaa la Wakristo Tanzania, linalounganisha Jumuiya ya Kikristo Tanzania, Baraza la Maaskofu Katoliki na Baraza la Makanisa ya Kipentekoste, lilitoa tamko juu ya Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni ilikuwa imepangwa kufanyika tarehe 30 Aprili mwaka huo. Tamko liliwahimiza waumini wajiandikishe, waisome Katiba hiyo, kisha waikatae kwa kura ya Hapana. Baada ya muda mfupi Kardinali Polycarp Pengo, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, alisema hadharani kwamba waumini wasiamriwe namna ya kupiga kura, bali waachwe waamue kwa dhamiri zao. Mwanzoni mwa Aprili Tume ya Taifa ya Uchaguzi iliiahirisha kura hiyo kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika. Siku iliyopangwa ikapita bila kura kupigwa.

Kura haikupigwa, lakini mgawanyiko ulikuwa umekwisha kuingia kanisani. Katika usharika mmoja wa Vunjo, mzee wa kanisa aliyeiunga mkono Katiba Inayopendekezwa aliacha kukaribia Meza ya Bwana kwa miezi kadhaa. Tulipomtembelea pamoja na wanafunzi wetu hakutukaripia. Alitukaribisha, akatupa viti, akasema, "Walimu wangu, nilikwenda kuungama dhambi, nikakuta nimekwisha kuhesabiwa." Neno hilo hatukuweza kulijibu siku ile. Makala hii ni jaribio la kulijibu kwa kuchelewa.

Tunakusudia kuihakiki lugha ambayo Kanisa hutumia taifa linapoulizwa swali la Ndiyo au Hapana. Hatukusudii kuamua kama Katiba ile ilikuwa njema au mbaya. Twauliza jambo lililo karibu zaidi na kazi yetu: mchungaji atasema nini Jumapili itakayofuata kura, mbele ya washarika waliopigiana kura za kupingana?

2. Neno "kura"

Yafaa tuanze na neno lenyewe, maana limetupotosha kuliko tunavyodhani. "Kura" ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kuamua jambo kwa kubahatisha. Ndiyo maana wafasiri wa Biblia walilitumia pale ambapo watu wa Mungu waliiacha hukumu mikononi mwake. Yoshua aliwagawia makabila nchi kwa kura huko Shilo (Yosh 18:10). Mabaharia walimjua Yona kwa kura (Yon 1:7). Zakaria aliingia hekaluni kufukiza uvumba kwa kura (Lk 1:9). Mathiya alihesabiwa pamoja na mitume kumi na mmoja kwa kura (Mdo 1:26). Naye mwenye hekima afundisha kwamba kura hukomesha ugomvi, hata ule wa wenye nguvu (Mit 18:18).

Kwa nini kura hiyo iliweza kukomesha ugomvi? Kwa sababu hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Yusufu Barsaba alipokosa nafasi ya utume, hakuwa na sababu ya kumtazama Petro wala Yohana na kujiuliza ni nani aliyemkataa. Wote walikuwa wameomba, na wote wakaipokea hukumu isiyotoka kwao.

Kura ya siku zetu inaitwa kwa jina lilelile na hupigwa kwa kitenzi kilekile, lakini ni kitu kingine kabisa. Ni hesabu ya matakwa ya wanadamu. Matokeo yake yanamwambia aliyeshindwa kwamba majirani zake, kwa idadi fulani, wameyakataa yale aliyoyaona kuwa ya haki. Ikiwa kura ya kale ilikomesha ugomvi kwa kumwondoa mwanadamu, kura ya sasa yaweza kuuanzisha kwa kumweka mwanadamu mbele ya mwenzake na tarakimu mkononi.

Jina zima, "kura ya maoni", nalo lina utata. Vyama vyetu hulitumia kwa uteuzi wa ndani wa wagombea. Magazeti hulitumia kwa utafiti wa kupima mawazo ya watu. Sheria hulitumia kwa uamuzi wa taifa juu ya Katiba. Maoni hutokana na kuona. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilipozunguka nchini kukusanya maoni, kila mtu aliruhusiwa kusema namna anavyoona, kwa kirefu au kwa kifupi. Lakini katika kura ya maoni mwananchi hapewi nafasi ya kueleza aonavyo. Katiba nzima, yenye ibara nyingi juu ya ardhi, Muungano, haki za wanawake na madaraka ya Rais, hulazimika kujibiwa kwa neno moja. Aliyependa sura tatu na kuchukia mbili hana mahali pa kuandika hivyo. Kwa hiyo anayesema Ndiyo hakubali yote, na anayesema Hapana hakatai yote. Hata hivyo, baada ya kuhesabu, tunawatendea kana kwamba ni watu wa namna mbili tu.

Hoja yetu, basi, ni hii: Kanisa limeichukua heshima ya kura ya Maandiko na kuivika kura ya siasa. Tunaamini kwamba yakishatangazwa matokeo maneno yamekatika. Hayajakatika.

3. Mlima wetu na majirani zetu

Wasomaji wetu wa Kilimanjaro hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1960 Wachagga wenyewe waliulizwa kwa kura kama waendelee kuwa na Mangi Mkuu au wawe na Rais wa kuchaguliwa kwa muda maalum. Mangi Mkuu alikuwa Thomas Marealle wa Marangu, aliyechaguliwa na kusimikwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa shangwe kubwa. Upande wa mageuzi uliongozwa na Solomon Eliufoo wa Machame, mwalimu ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Elimu katika Tanganyika huru. Wengi wakachagua kuwa na Rais, na Eliufoo akakishika cheo hicho.

Kwa karatasi, swali lilihusu cheo. Kwa watu, ilikuwa vigumu kukitenganisha cheo na mwenye cheo, au mwenye cheo na nyumbani kwake. Mashindano ya Machame, Kibosho na Marangu ni ya kale kuliko Ukristo mlimani. Lakini tukumbuke pia kwamba Machame ndiko Wamisionari wa Leipzig walikoanza kazi mwaka 1893, na kwamba upande wa Marangu na Mamba ni miongoni mwa mashamba ya kale ya kazi hiyohiyo. Mgawanyiko wa mwaka 1960 haukupita kati ya Wakristo na wasio Wakristo. Ulipita katikati ya watu waliobatizwa katika Kanisa moja. Miaka mitatu baadaye serikali ilikuwa imeziondoa kabisa mamlaka za machifu, na swali lenyewe likakosa maana. Hata hivyo sisi tuliokulia hapa tumewasikia wazee, miongo mingi baadaye, wakitaja ni ukoo upi ulikuwa upande upi. Swali lilikufa, mgawanyiko ukaishi.

Upande wa pili wa mlima, majirani zetu wa Kenya walipiga kura juu ya rasimu ya Katiba tarehe 21 Novemba 2005. Ili kuwasaidia wasiojua kusoma, Ndiyo ilipewa alama ya ndizi na Hapana alama ya chungwa. Sisi ambao ndizi ni chakula chetu cha kila siku, ni mbege ya wageni na ni mtori wa mama aliyejifungua, tuliliona jambo hilo kwa mshangao. Wanawake wa Rombo na Vunjo waliokuwa wakipeleka ndizi katika soko la Taveta waliuza chakula ambacho ng'ambo ya mpaka kilikuwa kimegeuka kuwa upande. Chungwa lilishinda kwa karibu asilimia 58 dhidi ya karibu 42. Siku mbili baadaye Rais Mwai Kibaki alilivunja Baraza lake la Mawaziri. Kampeni ya chungwa ikageuka kuwa chama cha siasa, na kambi zilizojengwa kwa ajili ya swali la Katiba zikabaki zimesimama, zikiwa zimekaribiana mno na mipaka ya makabila, hadi uchaguzi wa Desemba 2007. Katika ghasia zilizofuata waliuawa watu zaidi ya 1,100, na mamia ya maelfu wakayakimbia makazi yao.

Hatusemi kwamba kura ya mwaka 2005 ndiyo iliyoua. Sababu za ardhi na dhuluma zilikuwapo kabla yake. Twasema kwamba kura iliwapanga watu katika safu mbili, wala hapakuwa na aliyepewa kazi ya kuzivunja safu hizo baada ya kuhesabu.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza waliamua kutoka katika Umoja wa Ulaya kwa asilimia 51.9 dhidi ya 48.1. Taifa lenye Bunge la karne nyingi lilihitaji zaidi ya miaka mitatu ya malumbano kabla ya kutoka rasmi mwezi Januari 2020. Kadiri tofauti inavyokuwa ndogo, ndivyo mshindi anavyoona ulazima wa kupaza sauti kwamba taifa limesema, na ndivyo aliyeshindwa anavyoona kwamba aliyesema ni nusu tu ya taifa. Wote wawili husema kweli, na ndiyo sababu hawasikilizani.

4. Tamko la mwaka 2015

Sasa turudi kwenye tamko. Kwanza tulipe haki yake. Lilivunja ukimya mahali ambapo ukimya ungeweza kudhaniwa kuwa ridhaa. Lilitoka baada ya Bunge Maalum la Katiba kuendelea bila wajumbe wa UKAWA waliotoka ukumbini mwezi Aprili 2014, na baada ya pendekezo la Tume la serikali tatu kuwekwa kando. Malalamiko kwamba maridhiano yalikosekana hayakuwa ya kubuni. Tena liliwataka waumini waisome Katiba, jambo ambalo hata vyama havikulisisitiza vya kutosha.

Hata hivyo tunaona kasoro tatu. Kasoro ya kwanza ni kwamba lilichanganya mambo ya aina mbili katika jibu moja: lawama juu ya mwenendo wa kuitunga Katiba, na hofu juu ya muswada uliohusu Mahakama ya Kadhi, ambao ulikuwa ukifikiriwa wakati huohuo. Mwenendo mbaya ni suala la haki linalomhusu Mkristo na Mwislamu kwa pamoja. Mahakama ya Kadhi ni suala ambalo lingeweza kujadiliwa na majirani Waislamu uso kwa uso. Yalipounganishwa, Mwislamu aliyeudhiwa na mwenendo uleule aliona mlango umefungwa mbele yake. Kenya walikwisha kutuonyesha hatari hii: mwaka 2010 viongozi wengi wa makanisa walipinga Katiba mpya kwa sababu, pamoja na nyingine, ya Mahakama za Kadhi, zaidi ya theluthi mbili ya wapiga kura wakaipitisha, wakiwamo Wakristo wengi.

Kasoro ya pili ni kumwambia mtu asome na wakati huohuo kumpa jibu. Mwalimu anayeandika jibu ubaoni kabla ya mtihani hajamfundisha mwanafunzi, hata kama jibu ni sahihi.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni ya kiteolojia. Sisi Walutheri tunalo Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Ibara ya 28 inatofautisha mamlaka ya maaskofu, ambayo ni kuhubiri Injili, kusamehe na kufunga dhambi na kutoa sakramenti, na mamlaka ya watawala. Ibara ya 7 inafundisha kwamba kwa umoja wa kweli wa Kanisa yatosha kupatana katika Injili na sakramenti. Hatumaanishi kwamba Kanisa linyamaze daima. Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Walutheri Duniani uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1977 ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Kusini mwa Afrika ni jambo linalogusa ungamo la imani lenyewe. Hapo Kanisa lilisema Hapana, na lilikuwa na haki ya kusema hivyo.

Lakini mfano huo ndio unaotupatia kipimo. Kama jambo ni la ungamo, haliwezi kuamuliwa kwa kura. Hata asilimia 90 ya wananchi wangeukubali ubaguzi, Kanisa lingeendelea kuukataa, na kumwita mbaguzi atubu. Na kama jambo si la ungamo, basi dhamiri ya Mkristo iko huru, na askofu anaweza kushauri kama raia mwenye hekima, lakini hawezi kuamuru kama mchungaji. Tamko la mwaka 2015 halikusimama mahali popote kati ya hapa pawili. Lilitumia sauti ya ungamo kwa jambo la kura. Yule mzee wa Vunjo aliielewa sauti hiyo vizuri kuliko walioiandika. Aliposikia mimbarani kwamba Mkristo atasema Hapana, naye moyoni mwake amekwisha kusema Ndiyo, alijumlisha mwenyewe: basi mimi si miongoni mwao.

Msomaji anaweza kutupinga hapa. Atasema kwamba wenye madaraka hutumia kila chombo kuwashawishi wananchi, na kwamba Kanisa likijifunga mdomo linawaacha wanyonge bila msemaji. Hoja hii ni nzito, na hatuidharau. Jibu letu ni kwamba kumsemea mnyonge na kumpigia kura mnyonge ni mambo mawili. Kanisa liseme waziwazi kwamba mwenendo ni mbovu, litaje ubovu wenyewe, lidai urekebishwe. Karatasi ya kura ni ya mnyonge mwenyewe.

5. Maridhiano kabla na baada

Je, kura ya maoni haiwezi kuleta amani? Inaweza, kwa masharti. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walikubali kuundwa kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4. Visiwa vilivyokuwa vimezoea hofu kila uchaguzi vikapiga kura kwa utulivu. Sababu iko wazi: mwezi Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikuwa wamekutana na kupatana. Kura haikuleta maridhiano, bali iliyathibitisha yaliyokuwapo. Lakini miaka mitano baadaye uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa Zanzibar na upande mmoja ukaususia uchaguzi wa marudio. Maridhiano yaliyotangulia kura hayakutunzwa baada yake. Twajifunza pande zote mbili.

Tunao pia mfano wa kuyaheshimu maoni ya wachache. Tume ya Jaji Francis Nyalali iliyoteuliwa mwaka 1991 ilikuta kwamba asilimia 77.2 ya waliotoa maoni walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Hata hivyo ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Kama maoni yale yangekuwa kura, jambo lingekwisha na wachache wangeambiwa wakae kimya. Walisikilizwa kwa sababu mtu fulani alipima uzito wa hoja zao zaidi ya idadi yao.

Mtaguso wa Yerusalemu (Mdo 15) ulifanya kazi ya namna hiyo. Palikuwa na mashindano makali, lakini hatusomi popote kwamba mikono ilihesabiwa. Walisikilizana, wakaandika barua iliyowaondolea watu wa Mataifa mzigo wa tohara na kuwaomba waangalie dhamiri za ndugu zao Wayahudi. Kinyume chake ni Rehoboamu (1 Fal 12), aliyesikiliza shauri la upande mmoja tu, na taifa likapasuka lisiunganike tena.

6. Hitimisho: Jumapili ya pili

Tunapendekeza mambo matatu kwa wachungaji, wainjilisti na wanafunzi wetu. Kabla ya kura, sharika zisome maandishi yanayopigiwa kura, na msomaji wa upande wa Ndiyo akae meza moja na wa upande wa Hapana. Wakati wa kura, mchungaji aifiche kura yake mimbarani, si kwa woga, bali kwa sababu Jumatatu atazika wafu wa pande zote mbili. Baada ya kura, Jumapili ya kwanza isiwe ya shukrani kwa washindi wala ya maombolezo kwa walioshindwa. Bwana ameagiza kwamba anayekumbuka neno la ndugu juu yake aiache sadaka, akapatane naye kwanza (Mt 5:23-24).

Mababu zetu hawakuwa wageni wa agizo hili. Mchagga aliyemkosea mwenzake alimpelekea jani la sale, na aliyepelekewa aliona vigumu sana kulikataa. Sale hiyohiyo ndiyo hupandwa mpakani mwa kihamba na kihamba. Walijua kwamba mpaka ni lazima uwepo, na kwamba kinachopandwa mpakani ndicho kinachochumwa siku ya kuomba radhi.

Katika mgogoro wa kidayosisi uliotupata Meru mwanzoni mwa miaka ya 1990 tuliona sisi wenyewe kwamba Walutheri nao waweza kufika mahali pabaya wakizihesabu pande kuliko wanavyohesabu ubatizo wao mmoja. Hatuna haki ya kuwafundisha wanasiasa kana kwamba sisi ni wageni wa dhambi hii. Taifa letu huenda likaulizwa tena juu ya Katiba yake. Siku hiyo tutakuwa na nafasi ya pili.

Yule mzee wa Vunjo alirudi mezani mwaka uliofuata. Hakuna aliyemshinda kwa hoja. Jirani yake, aliyekuwa wa Hapana na ambaye hugawana naye zamu ya maji ya mfongo, alikwenda kwake Jumamosi jioni na kumwomba waende kanisani pamoja. Sisi walimu tulikuwa tumemtembelea mara tatu na maelezo mengi. Hatukuwa tumefikiri kumwomba radhi.